Kikao cha Kuchagua Biti Mpya, na Habari ya Mkono wa Nicanor

CHAMA CHA MASEREMALA WA JUMAMOSI, MAKONGENI, THIKA

Kumbukumbu za kikao kilichokaa Jumamosi tarehe 13 Juni 1959, saa nane mchana, chumba cha nyuma cha kanisa.

WALIOHUDHURIA
Bw. Zacharia Ndung'u, Mwenyekiti
Bw. Muasya, fundi wa chuma, anatoka Ruiru
Bw. Nicanor Wamalwa
Bi. Waithira (alichelewa, foleni ya pasi za kusafiria ilikuwa ndefu)
Bi. Wilkister Aketch, Mama Perez, Katibu

AMBAYE HAKUFIKA
Bi. Ndinda. Alituma salamu kutoka Gatuanyaga, mbuzi wake anazaa.

KUMB. NA. 1/6/59: KUFUNGUA
Bw. Muasya aliomba. Mwenyekiti alishukuru wote kuja na jua hili, akakumbusha kwamba sisi si mafundi wa kuajiriwa, ni watu wa kujifurahisha baada ya kazi, kwa hivyo hakuna haja ya kununiana. Alisema hivyo akimtazama Bw. Nicanor. Bw. Nicanor alikuwa anatazama dirisha.

KUMB. NA. 2/6/59: YALIYOTOKA KIKAO CHA MEI
Katibu alisoma. Mahali palipoandikwa, "Bw. Nicanor ana mkono mzito, biti tatu za chama za kutobolea mbao zimepinda mkononi mwake, asishike kekee ya kuzizungushia tena mpaka kikao kiamue," katibu alisoma pole pole kwa sababu mwandiko haukuwa mzuri.

Bw. Nicanor aliuliza kama anaweza kusema. Aliruhusiwa. Alieleza kwamba kitanda cha mtoto anachotengeneza kinataka matundu ishirini na mawili ya kuingiza vijiti vya pembeni. Ametoboa manane. Mke wake amebakisha wiki tatu kujifungua. Alisema, "Mtoto hatangoja kikao kiamue."

Mwenyekiti alisema shauri hilo litaamuliwa baada ya biti mpya kuchaguliwa, maana haiwezekani kumpa mtu kitu ambacho hakipo.

Bi. Waithira aliingia wakati huu. Alisema hata mpya zikija, Nicanor akizishika zitapinda, huyu akigusa ugali unapinda. Watu walicheka. Katibu hakucheka sana.

KUMB. NA. 3/6/59: KUCHAGUA BITI
Mwenyekiti alionyesha biti tatu tulizoazimwa na mwenye duka la vifaa mjini, tujaribu, tuchague moja, mbili zirudi Jumatatu. Yeye mwenyewe alipendekeza ile inayong'aa, iliyokuja na kisanduku chake. Alisema kitu kizuri hujulikana kwa macho.

Bw. Muasya aliomba kutofautiana kwa heshima. Alisema, "Mzee, biti si bibi harusi." Alieleza kwamba biti ya kutoboa mbao hutazamwa mambo manne: iwe imenyooka, kile kiskurubu cha nchani kiwe kikali na katikati kabisa, makali yake mawili yalingane, na chuma chake kiwe kigumu.

Kioo cha katibu kililetwa, kikalazwa mezani. Biti inayong'aa ilibingirishwa juu yake, ikaenda ikirukaruka kama mtu ametoka kilabuni. Bi. Waithira alimwuliza Mwenyekiti kama macho yake yameona. Mwenyekiti alisema meza ndiyo mbovu. Biti ya pili ilibingirika sawa kwa meza hiyo hiyo, lakini kiskurubu chake kimekaa upande. Ya tatu ni nyeusi, haina sura, imefungwa kwa gazeti. Ilibingirika kimya. Bw. Muasya aliisugua kwa tupa na tupa ikateleza, haikuingia. Alisema huo ndio ugumu.

Kisha ikajaribiwa. Bw. Muasya alikuwa amekuja na kisiki cha mbuni mkavu, mti wa kahawa, kutoka Ruiru, kwa sababu, alisema, saiprasi ni laini na kwa mbao laini kila biti hujiita nzuri. Biti nyeusi iliuma ule mbuni ikajivuta yenyewe ndani, na uchafu wa mbao ukatoka kwa nyuzi ndefu. Wote walipiga makofi, Mwenyekiti wa mwisho.

ILIAMULIWA: biti nyeusi ichukuliwe.

KUMB. NA. 4/6/59: BITI ZA ZAMANI
Bw. Muasya, ili wanachama wajue pia chuma laini kilivyo, aliomba zile tatu zilizopinda. Alizisugua kwa tupa, na tupa ikala kama inakula kiazi. Alizipeleka dirishani akatazama rangi yake. Aliuliza, "Nani alitia hizi motoni?"

Alieleza kwamba chuma kigumu kikipashwa moto mpaka kigeuke buluu, ugumu wake unatoka, na baada ya hapo hata mtoto anaweza kukipinda. Mkono wa Nicanor hauna kosa lolote.

Katibu aliomba kupumzisha kalamu kidogo.

Kisha katibu alieleza kwamba ni yeye. Sanduku la vifaa hulala kwake. Mvua za Aprili zilipozidi aliona biti zina unyevu, akaogopa kutu, kwa maana kitu cha watu kikiharibikia nyumbani kwako utajibu nini. Akaziosha kwa sabuni, akazipanga juu ya makaa ya jiko zikauke vizuri, akaenda kumsuka Perez. Aliporudi zilikuwa na rangi ya shingo ya njiwa. Alidhani zimependeza. Hakujua. Hata Mei, alipokuwa akiandika lile neno la mkono mzito, hakujua, lakini aliliandika kwa mkono wake, na Bw. Nicanor alikuwa amekaa mbele yake.

Bi. Waithira alisema, "Aai, Mama Perez! Kwani ulikuwa unazichoma uzile?"

Mwenyekiti alisema mama huyu amejitolea miaka miwili, jambo hili lisiandikwe. Katibu alisema ataliandika, kwa sababu la Nicanor liliandikwa.

Bw. Nicanor alisema, "Mama, si kitu." Katibu alimwambia ni kitu, baba, tena angoje wino ukauke kwanza ndipo asamehe.

ILIAMULIWA: maneno ya mkono mzito yafutwe katika kumbukumbu za Mei. Yamefutwa mbele ya wote, mistari miwili juu yake. Bw. Nicanor ashike kekee leo hii. Bi. Waithira aliomba msamaha wa ugali, akaahidi kuja kumpikia mke wa Nicanor ugali siku akijifungua, na akasema utakuwa umenyooka.

KUMB. NA. 5/6/59: SANDUKU LIKAE WAPI
Mwenyekiti alipendekeza sanduku lihamie stoo ya kanisa. Katibu alisema ni sawa.

Bw. Nicanor alisimama. Alisema stoo ina panya na kila mtu ana ufunguo. Sanduku libaki kwa Mama Perez, kwa sababu katika Thika nzima hakuna mtu mwingine ambaye tuna hakika naye kwamba hatatia biti motoni tena. Bw. Muasya aliunga mkono, akaagiza zipakwe mafuta kidogo na kuviringishwa kwa kitambaa, basi, jiko libaki la ugali. Mwenyekiti aliona wengi wameinua mkono, naye akainua.

KUFUNGA
Tuliomba na kutoka saa kumi na nusu. Katibu amebaki kumalizia kuandika haya, sasa saa kumi na moja. Bw. Nicanor yuko tundu la kumi na saba. Biti haijapinda.

Z. Ndung'u, Mwenyekiti
W. Aketch, Katibu