Samaki ya Wakwe

Mujukuu wangu Sifa, hauna haya? Nilikukataza kutupa ile beseni ya buluu ku mto! Hapa Kisangani samaki ya wakwe inapasuliwa mbele ya mugeni, asiseme wamemuficha mafuta. Bon, mama-mukwe wa kaka yako akapasua ngolo, ile kambare ya ndevu, tumbo nene, mwili wa njaa. Ndani, samaki mudogo. Ndani ya mudogo, vipande vya plastiki ya buluu kama chenga za mchele. Nikafoka: “Munalisha samaki takataka?” Akajibu: “Mama, hii maji inatoka kwenu Kindu.” Wote wakacheka. Mimi nikatazama ile buluu. Mimi koko, bibi yako, ninakupenda hata hivyo, Mungu akulinde. Leo hii okota vipande vyenye kubaki ku mto, na siku wakwe watafika kwetu, upike kuku.