Jagi la Maji Juu ya Bawa

Jumatatu, Julai. Asubuhi ilikuwa nyuzi tatu chini ya sifuri. Anga safi, halina hata wingu moja la kulisingizia.

Mama ameondoka leo. Nimerudi kutoka uwanja wa ndege, nimekaa kitandani na koti langu mwilini kama mgeni. Nimechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaisha.

Niseme moja kwa moja, maana humu sina wa kumficha. Mama alikuja kutoka Tanga, akakaa nami wiki nne hapa Troyeville, na nilimwahidi jambo moja tu: nitampakia kwenye ndege, niirushe mwenyewe, aione Johannesburg kwa juu. Ameondoka hajapanda. Na nilimpigia kelele mbele za watu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi si rubani wa kazi. Kazi yangu ni eksirei, hospitalini, kutwa nzima nawaambia watu vuta pumzi, shikilia, haya pumua. Urubani ni wangu wa Jumamosi. Leseni yangu ni ya binafsi, ndege ni ya klabu, ina injini moja na viti vinne, na wanachama tunaitumia kwa zamu. Ukipoteza zamu yako, basi, mpaka wiki ijayo.

Kule Tanga hakuna anayeniamini. Mama mdogo aliuliza kwenye simu, mbele ya ukoo mzima, "Rubani gani huyo asiye na sare?" Wakacheka mpaka simu ikakatika. Mama alinitetea, lakini nilimsikia anavyonitetea, kama mtu anayemtetea mtoto aliyeshika mkia darasani. Ndiyo maana nilitaka aje aone kwa macho yake. Na siku aliposhuka hapa, goti limevimba, kajifunga kanga tatu na shali, aliniambia, "Mwana, tazama vizuri uso wangu. Sirudi tena kwenye friji lenu hili."

Kwa hiyo nilijua. Ilikuwa ni Julai hii au isiwe tena.

Watu hudhani baridi ya huku ni raha kwa sisi wa ndege ndogo. Mvua hakuna, radi hakuna, jua linawaka kutwa. Hata wenzangu kazini huniuliza, "Leo si umeruka? Mbona anga zuri hivyo?" Natabasamu tu. Nimechoka kueleza kwamba anga zuri la kutazama si lazima liwe zuri la kurukia.

Jumamosi ya kwanza ulikuwa moshi. Usiku wa baridi watu wanawasha makaa ya mawe, majani makavu nayo yanaungua huko nje ya mji, na hewa ya baridi inaukalia ule moshi kama kifuniko cha sufuria. Tulifika kiwanjani kwa klabu, mwisho wa njia ya kurukia hauonekani. Tukanywa chai, tukarudi. Jumatano yake niliomba likizo ya siku moja, anga likawa safi, betri ya ndege ikafa kwa baridi. Jumamosi ya pili ukaja upepo wa kusini wenye vumbi la machimbo, tukatafuna mchanga mpaka nyumbani. Ya tatu moshi tena, mbaya kuliko wa kwanza.

Kila mara Mama alisema, "Si kitu." Alikuwa akisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio ulionitesa.

Aliyazoea maisha ya hapa kuliko nilivyotarajia. Jirani yetu wa chini, Mama Chantal wa Lubumbashi, alimletea blanketi zito, akamwambia, "Mama, baridi iko mingi sana, utakufa bure!" Wakakaa kitako wakicheka, kila mmoja na Kiswahili chake. Kwenye spaza, kile kiduka cha hapo chini, alijifunza neno moja akalishika kama tasbihi: shap. Chai iko tayari? Shap. Umelala salama? Shap shap. Na kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini alisimama dirishani na kikombe chake, akinitazama mpaka nipotelee kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale chini.

Jumamosi ya nne, juzi, ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Tulifika kiwanjani saa mbili, zamu yangu ni saa mbili mpaka saa nne. Hakuna moshi. Hakuna upepo. Majani yote meupe. Mama alishusha kioo akauliza, "Mwana, nani kamwaga chumvi hapa?" Nikamwambia ni jalidi, barafu ya usiku. Na ndege yetu ilikuwa imelala nje, mabawa yote mawili meupe vilevile.

Barafu ile ni nyembamba kama ganda la kitunguu, lakini bawa lenye barafu halibebi. Ndege inakimbia weee, njia inakwisha, hainyanyuki, au inanyanyuka kidogo ikakutupa. Dawa yake ni subira: unaigeuzia jua, unafagia polepole kwa ufagio laini, unangoja ikauke. Mzee Kobus, anayezitunza ndege za klabu, ndiye aliyenifundisha hayo. Wote humwita Oom, yaani mjomba. Tuliigeuza ndege pamoja, tukatazama saa. Nikapiga hesabu: saa tatu na nusu itakuwa kavu, nusu saa inatosha kuzunguka juu ya Troyeville, Mama akaona paa la nyumba yangu, tukarudi. Upepo ulitabiriwa saa tano.

Mama alitaka kuifukizia ubani ndege. Nikamwambia Mama, ina petroli. Basi akaisomea dua tu, akaipulizia mara tatu, akarudi garini kujifunika blanketi. Nikamwambia, "Kaa hapo, nakuja sasa hivi." Nikaenda ofisini kusaini kitabu na kupiga simu ya hali ya hewa. Sasa hivi yangu ikawa dakika ishirini.

Niliporudi, Mama alikuwa amesimama kando ya bawa la kushoto, mkononi ana jagi la plastiki, anapangusa kwa ncha ya kanga.

Bawa lilikuwa linang'aa. Limelowa chapachapa.

Alikuwa ameingia jikoni kwa klabu, akakinga maji ya moto kwenye birika kubwa, akayachanganya na ya baridi, akayapima kwa kiwiko kama unavyompimia mtoto mchanga maji ya kuoga, akaja akamimina jagi zima. Aliponiona alitabasamu, meno yote nje. "Njoo uone, Mwana! Limetakata!"

Nyuma ya bawa kuna kibao kinachopanda na kushuka, ndicho kinachoiinamisha ndege kushoto au kulia. Nikakishika. Hakikwenda. Bati lilikuwa bado na baridi ya usiku. Maji yameteremka mpaka kwenye bawaba zake, yakaganda humo ndani.

"Mama! Nani kakwambia umwage maji? Nani? Unataka tufe?"

Nilipiga kelele kweli. Watu waliokuwa banda la pili wakageuka. Mzee Kobus akaweka kikombe chake chini.

Mama akalishusha jagi. Swali langu hakulijibu. Alisema tu, "Nisamehe, mwanangu."

Kwetu mama hamwombi mtoto msamaha. Mtoto ndiye anayeomba radhi, mzazi ndiye anayeitoa, na anayekosa radhi ya mama hana pa kwenda. Nilimsikia vizuri, kwa Kiswahili changu cha kuzaliwa nacho, nikainama nikaanza kukausha bawa kana kwamba sikusikia.

Mzee Kobus alikagua bawaba moja moja. Akasema ndege haiondoki mpaka jua liingie kote na yeye aone kwa macho yake, kwa sababu maji yakibaki ndani yataganda tena huko juu. Hakunilaumu mimi, wala hakumlaumu Mama. Mwanachama mwenye zamu iliyofuata akaniachia zamu yake, Mungu amlipe. Saa tano bawa likakauka kabisa. Saa tano hiyohiyo lile fuko la kitambaa la kuonyeshea upepo likanyanyuka, likanyooka kama mkono unaokataza. Upepo wa ubavuni, si wa kiwango changu. Mzee Kobus alinitazama, akatikisa kichwa. "Eish. Leo hapana."

Ningekuwa na kichwa kibovu zaidi ningeruka. Nakiri kwamba niliwaza, nikakaa kwenye kiti cha rubani dakika nzima na ufunguo mkononi. Kisha nikashuka.

Tukarudi nyumbani. Kwenye robot moja Mama aliuliza kama nina njaa. Nikasema sina. Jana alipika wali wa nazi, akafunga mizigo, tukaongea habari za kilo za begi na za pasipoti, basi. Radhi sikumwomba. Nilijiambia nimechoka, nitamwomba kesho.

Kesho ndiyo leo.

Saa moja asubuhi nilishusha begi. Kioo cha mbele cha gari kilikuwa cheupe pe, huoni ndani. Nikapanda tena juu, nikachemsha maji, nikayachanganya kwenye jagi, nikayapima kwa kiwiko kama Mama alivyonifundisha zamani kwa wadogo zangu, nikashuka. Nimefanya hivyo kila asubuhi tangu Juni. Wenye magari mtaa mzima tunafanya hivyo, ingawa wanaojua magari wanakataza. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa abiria na kanga zake tatu. Nikalinyanyua jagi, na bila sababu nikamtazama.

Alikuwa anatazama jagi.

Wiki nne alisimama dirishani na kikombe chake. Wiki nne ananitazama namwagia barafu maji ya uvuguvugu, napangusa, nawasha gari, naondoka zangu. Mtu wa Tanga, barafu aliyoijua ni ya kwenye juisi. Angejifunzia wapi kwingine?

Nani kakwambia, Mama? Mimi.

Mkono wangu ukabaki juu, na jagi linatoa mvuke. Sikuweza kumimina. Yeye akashuka ukingo wa njia na goti lake bovu, akasogea, akaniambia taratibu, "Mimina, mwanangu. Tutachelewa."

Nikamimina. Nikapangusa. Halafu nikaliweka jagi chini, palepale barabarani, watu wanapita kwenda kazini, nikamshika mikono nikamwomba radhi. Nililia, sitaficha. Nilimwambia Mama, ulilijibu swali langu kwa kunyamaza na mimi sikuelewa.

"Radhi unazo tangu juzi," akasema. "Washa gari."

Sikumuuliza kwa nini hakujitetea pale kiwanjani. Angesema neno moja tu, "nimekuona wewe," angenivua nguo mbele ya watu wangu wa klabu. Alichagua kuonekana mshamba yeye. Nimeliwaza hilo njia nzima kurudi, na bado naliwaza.

Ndege naikagua robo saa nzima kabla sijagusa ufunguo. Mafuta, magurudumu, bawaba, kila skrubu. Mama yangu nilimrukia bila hata kuvuta pumzi moja na kuishikilia, mimi ambaye naishi kwa kuwaambia wengine wafanye hivyo.

Saa kumi hivi imeingia sauti yake kwenye simu. Naiandika kama ilivyo nisije nikaifuta kwa bahati mbaya.

"Mwana, nimefika Dar, alhamdulillahi. Walinipa dirishani. Kabla hatujaruka nikaangalia bawa, kavu kabisa. Nikamwambia baba mmoja hapo pembeni yangu, barafu ikikaa pale ndege hii hainyanyuki, na maji ya moto usithubutu, ni jua tu. Akaniuliza, bibi wewe umeyajuaje? Nikamwambia binti yangu ni rubani. Sare hana, lakini rubani. Haya, shap shap."

Nimeisikiliza mara nne. Ya tano nimemtumia mama mdogo.

Sasa jua linazama na baridi imeshaanza kuuma vidole. Nimeshuka chini na blanketi la Mama Chantal, alilosema nibaki nalo, nimekifunika kioo cha gari, nimelibana kwa milango pande zote. Jagi nimeliosha nimelirudisha kabatini. Usiku kutaganda tena, na Jumamosi nina zamu ya saa mbili. Nikikuta bawa jeupe nitaligeuzia jua, nikae chini, nimpigie Mama simu mpaka likauke.