Kiboko Mwenye Pengo la Mjomba

Mama Mshauri, shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, nakusihi kila neno la barua hii libaki kwako, walau hadi tamasha liishe, maana hata mke wangu hajui.

Mimi ni karani wa kamati ya tamasha la ngoma hapa Mwanza. Mwaka huu mfadhili ni kampuni ya sabuni, na siku hizi za soko huria kila kitu lazima kiwe na nembo, basi mwenyekiti akaniambia, "Wewe unayejua kuchora, tupatie mnyama mchekeshaji wa kuweka kwenye mabango na fulana," nami nikachora kiboko anayecheza ngoma, nikampa pengo la jino, kofia iliyolalia sikio na goti moja juu, wakampenda wote, mpaka Modesta mpiga chapa aliponinong'oneza, "We bwana, huyu si mjomba wako Shimba?" Mungu wangu, ni yeye mtupu! Na mjomba ndiye kiongozi wa wachezaji wa Buswelu, watakaoshindana na wale wa Kisesa. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Kisesa wakiona mabango watasema mshindi alishachaguliwa, watagoma, pengine fimbo zitatembea, nami kazi sina. Uchapaji unaanza Jumatatu. Nikisema, nitaonekana nilipanga. Nikinyamaza, ugomvi utakuwa juu yangu.

Tafadhali usitumie anwani ya ofisi. Jibu liwe kwenye bahasha isiyo na jina, aachiwe Getruda, muuza karanga kivukoni upande wa mjini. Mimi huvuka kila jioni kwenda Kamanga.

*

Marahaba, mwanangu. Kumpenda mjomba si kosa. Kosa ni kuliona shimo ukawaacha wenzako watumbukie. Unaogopa kuonekana ulipanga? Leo ni bahati mbaya; ukinyamaza hadi Jumatatu, hapo ndipo utakuwa umepanga.

Na wewe, mtoto wa Usukumani, umesahau ngoma zetu zinavyoamuliwa? Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Sasa kiboko anacheza ili iweje? Mtoe uwanjani! Mkalishe katikati awe mtazamaji, jicho moja huku, jingine kule, hajui akimbilie wapi. Kofia mvue, jino mrudishie. Buswelu watacheka, Kisesa watacheka.

Lakini usibadilishe karatasi kimyakimya. Mwenyekiti asikie habari za mjomba kwa mdomo wako, si kwa Modesta.

Barua yako haitatoka gazetini hadi ngoma ziishe. Bahasha hii nimemwachia Getruda, kama ulivyoomba. Ukishasoma, usipande kivuko. Mchore kiboko mpya kwenye bahasha hiihii, andika jina lako chini yake, umpelekee mwenyekiti.