Mama mkwe kachemsha maua ya bibi yako

Ketrina uko wapi?? Mama mkwe kachemsha maua ya bibi yako!

Sitanii. Ile mizizi ya maua mekundu uliyonikabidhi, mbegu pekee iliyobaki tangu bibi afariki. Kaiona kwenye kikapu, akadhani viazi.

Natoka darasa la jioni namkuta na sufuria, anamlisha mwanangu Deus. "Karibu viazi mwanangu. Ila vyako havina utamu."

HAVINA UTAMU! Nikapiga magoti. "Mama, hayo ni maua."

Akaacha kutafuna. "Maua?" Akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

Mimi machozi yananitoka shoga, nawaza nitakwambia nini.

Akanivuta mkono hadi nyuma ya jiko. "Mimi mkulima wa Itaka nile mbegu yote? Nimekula mikia tu. Vichwa nimevirudisha udongoni."

Ketrina, vichwa sita! Kavipanga kwenye tuta, kila kimoja na chipukizi lake. Mimi ningepanda fungu zima shimo moja, tupate shina moja.

Deus mzima, tena analilia vingine.

Njoo Jumamosi uchukue vitatu vyako. Ila uje umeshiba.