Masuke Yenye Masizi

Mshauri wetu mpendwa wa gazetini, shikamoo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, nami naomba unijibu kabla ya Noeli, maana nimekwama na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mimi ni Kefa, Mgogo wa Mkonze, nasoma darasa la juu katika shule moja ya misheni ya Waingereza huku kusini ya Dodoma. Najua utashangaa, nchi ni ya Mdachi na mimi nahangaika na Kiingereza, hata vijana wa shule ya serikali wananicheka, wanasema wao wakishajua Kidachi watakaa bomani wawe makarani, mimi na Kiingereza changu nitaongea na mbuzi, lakini Padre wetu ni Mwingereza na vitabu vyake ni vya Kiingereza, na amesema kabla ya Noeli atatupima, na mmoja tu atakayeshinda ndiye atakayepelekwa kusomea ualimu, na mwalimu ni mtu, Mshauri, anaamkiwa na wazee, nami tangu niletwe hapa nikiwa mdogo sijawahi kutamani kitu kingine.

Maneno nayajua. Mimi na mwenzangu Marko tukienda kuchota maji tunayaandika kwa kijiti kwenye mchanga wa mto uliokauka, yeye anataja la Kiswahili, mimi naandika la Kiingereza, nikikosea anafuta kwa mguu na mimi nabeba kibuyu chake mpaka shuleni, na siku hizi ni yeye anayebeba changu. Nalijua neno la mvua, la njaa, la ghala, la mavuno, hata la theluji ambayo wala sijaiona. Taabu yangu ni kusoma habari na kuielewa. Padre hutusomesha habari fupi, kisha anafunika kitabu na kuuliza, nani, wapi, lini, na mwisho kwa nini, na hayo ya nani na wapi namjibu kabla hajafunga mdomo, lakini hilo la kwa nini linanishinda kabisa.

Juzi tulisoma habari ya bibi mmoja wa Ulaya aliyekaa peke yake wakati wa theluji, akachoma kiti chake. Padre akauliza, kwa nini bibi alichoma kiti? Nikasimama nikajibu kwamba kiti kilikuwa kimevunjika, maana kwetu kigoda hakichomwi mpaka kivunjike. Darasa zima likacheka, nikatamani ardhi inimeze. Padre akasema, "Kefa, jibu halikuandikwa, lakini limo. Soma tena. Uani kulikuwa na nini?" Nikasoma tena, nikaona imeandikwa uani hapakuwa na ukuni hata mmoja, lakini mimi niliona ukuni ni ukuni na kiti ni kiti, sikuviweka pamoja. Basi hivyo ndivyo nilivyo, Mshauri, nasoma kila neno na habari inanipita.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloninyima raha. Kwetu mwaka huu ni mbaya, mvua iliyopita ilikatika mtama ukiwa bado unachanua. Baba yangu Bartolomayo aliondoka na mbuzi wetu kwenda Kondoa kuhemea, yaani kuwabadilisha kwa nafaka, na mpaka leo hajarudi, lakini baba ni mtu wa maneno mengi, akikuta watu anakaa. Nyumbani yuko mama yangu Hana, na mdogo wangu Ruthu, na mtoto mchanga Yudith.

Wiki iliyopita Ruthu alikuja shuleni kwa miguu kutoka Mkonze. Nilikuwa nasoma chini ya ukuta, nikamwona amesimama, miguu yote vumbi, kichwani ana mzigo mdogo umefungwa kwa ngozi. Nikamuuliza, "Mama hajambo?" Akasema, "Mama yupo." Nikamuuliza, "Na Yudith?" Akasema, "Yudith analala tu." Nikamuuliza kama baba ametuma salamu, akatikisa kichwa. Kisha akafungua mzigo, ndani mna masuke ya uwele, mazima, hayajapukuchuliwa, meusi kwa masizi na yananuka moshi, mpaka nikamtania nikamwambia, "Ninyi mmepika ugali au mmechoma nyumba?" Hakucheka. Akasema, "Mama amesema haya yakae kwako. Na amesema usome." Mshauri, nilifurahi mno, nikajua mama amenibariki, maana mwanzoni alikuwa hataki nikae huku mpaka Noeli, na mzazi akikuletea chakula shuleni huku kwao kuna dhiki, si ndiyo baraka yenyewe?

Nikampeleka Ruthu jikoni, akapewa ugali na mlenda. Akala kidogo, uliobaki akaufunga kwenye nguo yake, mbele ya Marko na wengine. Niliona aibu. Nikamwambia, "Acha tabia hiyo, watasema kwetu ni ombaomba." Akaufungua akaurudisha sahanini, wala hakuumaliza. Asubuhi akaondoka, nikamsindikiza mpaka mtoni, akaniuliza, "Utakuja lini?" Nikamwambia baada ya Noeli, nikishashinda. Akashika njia, akaenda.

Tangu siku hiyo nikifungua kitabu maneno yananikimbia. Masuke yale mimi na Marko tunayapukuchua kidogo kidogo, tunakaanga na kutafuna huku tunaulizana maneno, yamebaki kama nusu. Jana Marko kaniambia, "Kefa, mimi ningekwenda nyumbani kuangalia." Nikamwambia ananionea wivu, anataka niondoke yeye ashinde. Tumenuniana.

Basi nijibu, Mshauri. Je, nina dhambi kukaa huku ikiwa mama mwenyewe amenituma nisome? Na pili, mtu anajifunzaje kulijibu hilo swali la kwa nini?

Ni mimi mtoto wako,
Kefa wa Mkonze

*

JIBU

Marahaba, Kefa. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka habari ya kiti. Niliposoma mara ya pili kicheko kilikauka mdomoni, nikaenda kwa mwenye gazeti nikamwomba jibu hili lisingoje zamu yake. Nimekuandikia pia barua ya peke yako, imepanda gari la moshi leo. Itakayotangulia kufika, itii.

Mimi Hasani ni mzaliwa wa milima ya Kondoa, na ndiyo maana barua yako imenichoma. Watu wa kwenu nimewaona tangu utotoni wakipanda kwetu mwaka wa njaa, wamefuatana na mbuzi wao wembamba. Wengine walirudi na mizigo. Wengine tuliwazika sisi. Baba yako unasema anapiga domo. Mtu aliyeacha mtoto mchanga nyumbani na njaa, Kefa, anapiga domo na nani?

Umeuliza swali la pili, nalo nitalijibu kwanza. Swali la kwa nini hujibiwa kwa kutazama kitu ambacho hakipo. Bibi wa Ulaya hakuwa na kuni, ndiyo sababu akachoma kiti. Basi, chukua barua yako mwenyewe uisome kama unavyosoma kitabu cha Padre, nami nitakuuliza.

Uliuliza mama hajambo, ukajibiwa yupo. Kwa nini Ruthu hakusema hajambo? Mtoto mchanga analala tu. Kwa nini halii? Ruthu alikula kidogo akafunga ugali kwenye nguo. Ulikuwa wa nani ugali ule? Na wewe, kwa aibu ya mbele ya wenzako, ukamfanya aurudishe sahanini! Lo, Kefa! Nimekasirika nawe. Ugali ule ulikuwa unakwenda kwa mama yako.

Sasa tuje kwenye uwele. Wewe uliletwa misheni ukiwa mdogo, na mambo ya juu ya meko ni ya akina mama, pengine hukuwahi kuinua macho ukatazama. Waulize watu wa hapo. Masuke mazima, yasiyopukuchuliwa, yaliyotundikwa juu ya moto mpaka yakashika masizi ili yasiliwe na wadudu, si chakula. Kwenu ni hivyo na kwetu ni hivyo. Ile ni mbegu. Watu watachimba mizizi, watachemsha ngozi ya ng'ombe, na masuke yale yananing'inia pale pale juu ya vichwa vyao, hakuna anayeyagusa.

Kwa nini basi mama ayashushe akuletee wewe? Angetaka kukubariki tu angekutumia salamu, salamu haina uzito. Sikiliza. Katika nyumba yenye njaa mbegu haikai. Leo mtoto amelia, unashusha suke moja, kesho anazimia, unashusha jingine, na mvua ikija huna cha kutia ardhini, mkafa mwaka wa pili badala ya wa kwanza. Mama yako aliona mkono wake mwenyewe unaanza kwenda juu ya meko. Akafikiri, katika watu wote niliowazaa ni nani anayeshiba kila siku, akakukumbuka wewe. Akaitoa mbegu nyumbani akaipeleka mahali penye ugali, ikae salama mpaka mvua inyeshe. "Haya yakae kwako." Mdogo wako akayabeba kichwani toka Mkonze, ana njaa, njia nzima, wala hakutafuna punje. Na wewe uliyeshiba ukayakaanga.

Huo ndio ukweli, na sikuusema ili ulie. Kulia utalia baadaye, sasa kuna kazi. Swali lako la kwanza, kama ni dhambi, mpelekee Padre, mimi si padre. Mimi nakuambia la kufanya.

Ukimaliza kusoma hapa, yafunge masuke yaliyobaki, usiongeze hata punje moja mdomoni. Nenda kwa Marko umwombe radhi, maana ndiye aliyesoma habari yako vizuri kuliko wewe, na umwambie akusindikize kwa Padre. Mwambie Padre yote kwa lugha unayoiweza, usitafute Kiingereza cha kumfurahisha. Mwombe unga, mwombe na chumvi. Mwingereza anayejua kwa nini bibi alichoma kiti atajua na hili. Akikukatalia, nenda mikono mitupu, lakini nenda.

Ukifika Mkonze usianze na maswali. Washa moto, koroga uji mwepesi, mwepesi kabisa, maana tumbo lililokaa tupu likipewa ugali kwa pupa linaua. Mpe mama, mpe mtoto, kisha Ruthu, na Ruthu umwangukie miguuni kwa yale uliyomfanyia mbele ya watu. Wakipata nguvu ya kusimama, shika njia ya Chemba uende Kondoa ukamtafute baba yako. Kaka yangu Athuman yuko kule milimani, ukiuliza nyumba yake utaonyeshwa. Mwambie umetumwa na Hasani, hatakuacha uondoke bure, na kama baba yako alipita huko atajua alikoishia. Nasema alikoishia, Kefa, jiandae kwa hilo.

Na mtihani? Najua uliutamani, wala sikucheki. Kijana anayefutiwa neno mchangani akaliandika tena ni mwalimu tayari, na mimi niliyefundisha miaka mingi ningekuchukua darasani kwangu kesho. Lakini mwaka huu waachie wengine. Padre atapima tena mwakani, na asipopima, basi, umekosa ualimu.

Nilipo hapa pwani mawingu yameanza kujikusanya, na huko kwenu mvua ya kwanza haitakawia. Ndiyo maana naogopa gazeti hili litachelewa kukufikia. Ukimkuta mama yako, mpe mbegu yake mkononi, umwambie wazi kwamba nusu umekula wewe, atakusamehe, mama ni mama. Na ukikuta hakuna mkono wa kuipokea, usikae mlangoni. Chukua jembe lake, uipande.

Mshauri wako,
Hasani