Mwende, Wamekubali Kazi Yako

Mwende,

Ni mimi, Ayeyo, mwenye nyumba wako. Anayeshika kalamu ni Ifrah, mjukuu wangu, nimemwambia aandike vile ninasema hata nikipotea njia. Kisomali hukuwahi kushika zaidi ya "shaah", chai, na "ayeyo", nyanya, kwa hivyo naongea hii Kiswahili yetu sisi wawili, ile ulikuwa unaicheka.

Mpaka leo sijaelewa. Alhamisi ulichukua maziwa hapa mlangoni, ukasema, "Ayeyo, naenda Mwingi kumwona mama, Jumatatu nimerudi." Jioni napigiwa simu, gari imepinduka. Nikamwambia huyo mtu amekosea msichana. Nguo zako zilikuwa bado kwa ndoo, na sabuni. Mtu analoweka nguo halafu anakufa?

Wacha hiyo. Nimekuja kwa ile kazi yako ya kompyuta.

Ulinionyesha ile programu ya wafugaji, ya kuandika kwa simu mnyama aliugua lini na alidungwa dawa gani. Ukasema haiuzwi, imeachwa wazi, mtu yeyote duniani anaingia ndani aone vile imeundwa, na akiona mahali pabaya anatengeneza. Nikasema kitu haina mwenyewe itaibwa. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema iko na walinzi, kila kazi inakaguliwa kwanza ndiyo iingie.

Nikakuambia fungua nione. Ukanisomea, na juu kabisa kuna namba kubwa, ngamia wote wa mtu, jumla, kama bei ya sukari dukani. Nikauliza, "Aliyeandika hii anamchukia nani?" Ndiyo maana Hassan, kaka yangu, kule upande wa Dadaab, aliizima siku ile ile aliwekewa. Wiki nzima ukajifungia, chai inapoa mlangoni, halafu ukatoka ukasema umeificha hiyo namba, umewatumia wale walinzi wakague, na ni mara yako ya kwanza kutengeneza kitu ya watu wa dunia yote. Kutoka hapo kila saa unaangalia simu, kama msichana anangoja posa.

Basi walijibu, Mwende. Wewe ukiwa wiki ya tatu ardhini.

Ile kompyuta yako mama yako alimwachia Ifrah, kwa sababu ulikuwa unamfundisha. Akafungua, akasoma: "Asante Mwende, lakini hatujaelewa. Mwenye mifugo atakosaje kutaka kuona ni wangapi? Usipojibu wiki hii tutafunga ombi lako." Nikakaa chini. Wallahi hiyo ilinipiga kuliko ile simu ya jioni. Kumbe kuna watu mahali, kwao wewe uko hai, na wanaona umechelewa.

Ifrah akasema, "Ayeyo, jibu unalijua wewe." Mimi, ambaye kitambulisho yangu naweka kidole, kusoma sijui.

Nikasema andika. Kwetu mtu hatangazi hesabu ya ngamia wake, jicho la watu linaua mnyama. Ukimuuliza Hassan ako na ngapi atakuambia, "Wapo." Lakini muulize mmoja mmoja. Atakuambia jina lake, jina la mama yake, alizaliwa mvua gani. Akikosekana mmoja jioni, anajua bila kuhesabu. Nyinyi mkiweka namba juu, mzee anazima simu, na ngamia akiugua hakuna mahali imeandikwa, daktari anakuja anauliza upepo. Ficheni namba, acheni majina.

Ifrah akauliza kama aseme umekufa. Nikasema usiseme, watafunga. Akatuma kama ni wewe umeandika.

Mchana nikashindwa kula. Nimechukua maiti ya mtu nikaitia uongo mdomoni. Mtu mwenyewe Mkristo wa watu, hata sijui kwenu mnaombewa vipi. Nikamwita Ifrah, nikasema rudi hapo, andika Mwende amekufa, aliyejibu ni mimi, mama wa maziwa wa Garissa, na kama ni kufunga, fungeni.

Siku mbili, kimya. Nikajua nimekuharibia. Sokoni wateja wananiongelesha, mimi natoa maziwa ya mtu nampa mwingine.

Siku ya tatu Ifrah akaja akikimbia bila viatu. Walisema pole. Walisema sasa wameelewa, kazi ni yako na imeingia kwa jina lako, haitatolewa. Hiyo programu iko na orodha ya wote waliowahi kuitengeneza. Majina ya watu siwajui, wa nchi sizijui, halafu chini kabisa Ifrah akasema, "Huyu ni yeye." Chini, kwa sababu wewe ndiye mgeni. Mtu amekufa na hapo ndiyo kwanza amefika. Kichwa yangu inakataa, Mwende, naiambia mara mbili tatu kwa siku na inakataa.

Hassan amerudisha programu kwa simu yake. Ameandika ngamia mmoja tu, anawapima hao wenye programu kwanza.

Mama yako bado hajui kama kazi yako imeingia. Nilishika simu nimwambie, nikairudisha chini. Hii si ya simu. Kwa hivyo nakuahidi, mvua ikiisha nitapanda gari na Ifrah, barabara ile ile, na ninaiogopa sana. Nitakaa na yeye chini, Ifrah atamfungulia hiyo orodha, na atakuona kwa macho yake, yeye anajua kusoma.

Lala, binti yangu. Nguo zako nilizifua, nikazianika, nikazikunja.