Miwani ya Bi Kwa Nini

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotoka chekechea ulikofundisha, saa tatu asubuhi, kwenda kupima presha, ukamwambia kitindamimba wako, "Nakwenda narudi." Miwani uliiacha kwenye droo ya kabati la darasani. Ulisema daktari ndiye atakayesoma, si wewe. Saa nne simu ililia nyumbani, kutoka hospitali. Tangu siku hiyo, simu ilipolia saa nne, Baba aliiacha iite, na sisi tukajifanya hatuisikii.

Mtaa mzima ulikuita Bi Kwa Nini, na jina hukulikataa. Mtoto akikuuliza jambo, ulimrudishia: "Wewe unaonaje? Na mwenzako anaonaje?" Hata nyumbani hatukupona. Mtu aliuliza tu chumvi iko wapi, akajikuta anafikirishwa.

Tunayakumbuka yale mabeseni mawili, moja lina maji, jingine tupu, na amri yako moja: maji yahame bila kikombe. Watoto walibishana, wakajaribu sponji, wakajaribu kitambaa, mwisho wakachukua kiatu cha mwenzao. Wewe ulikuwa chini mkekani, umeikalia mikono yako yote miwili. "Nisipoikalia itawasaidia," ulisema, "na ikiwasaidia wataacha kusikilizana." Mzazi mmoja alikuja juu siku hiyo: mwanawe karudi kalowa chapachapa, na herufi hata moja hajui. Ukamjibu kwa upole kwamba herufi hazina miguu, zitamsubiri.

Ulikuwa na neno jingine, na hilo ndilo limetunyima raha mwaka mzima. "Mtoto usimdanganye. Akijua, hatakuuliza tena."

Mama, tulimdanganya. Siku ya kwanza baada ya mazishi, watoto waliuliza uko wapi. Kitindamimba, aliyekuwa msaidizi wako na sasa darasa lote limemwangukia, aliwatazama wale wadogo, akaogopa. "Amesafiri," alisema. Tukawaomba wazazi wanyamaze, nao wakakubali haraka, maana hata wao walikuwa wanaogopa.

Tangu hapo hakuwa na amani. Unarudi lini? Unalala kwa nani? Kila jibu lilidai uongo mwingine wa kuliegemeza. Alifungua mlango wa darasa kila asubuhi, akihesabu vichwa na kujiuliza ni kipi kitakachomgundua. Siku za mwizi ni arobaini; zake zilipita mia tatu, na hofu haikupungua hata chembe.

Wiki iliyopita, binti mmoja wa darasa lako, mwenye mapengo, alikuwa anatafuta gundi kwenye droo. Akaibuka na miwani yako.

"Hii ya Mwalimu!"

"Bila miwani haoni. Mimi alikuwa ananiita jina la dada yangu."

"Sasa huko safarini anaonaje?"

"Kanunua nyingine."

"Lakini hakutuaga. Babu yangu akisafiri anaaga mpaka kuku."

Walikaa mkekani wenyewe, miwani katikati, wakipokezana maneno kama ulivyowazoeza. Kitindamimba alisimama karibu na kabati. Mara tatu alifungua mdomo aseme umenunua nyingine, kweli umenunua. Mara tatu akaufunga. Kisha akaketi nao, akaikalia mikono yake.

"Labda hawezi kurudi," alisema mmoja taratibu.

Wote wakamgeukia. Binti mwenye mapengo ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu mdogo, Mwalimu amekufa?"

"Ndiyo. Amekufa."

"Ulikuwa unajua?"

Kitindamimba anasema swali hilo lilimtisha kuliko ile simu. Alijua hapo ndipo atakapowapoteza.

"Nilikuwa najua. Niliogopa kuwaambia."

Wengine walianza kulia, naye akalia nao. Binti aliishika miwani kwa muda mrefu, akaikunja vizuri, akamwekea mapajani.

"Ungetuambia," alisema, "tungeogopa wote."

Kisha akasogea kando kidogo, akapigapiga mkeka ili mwalimu wake mdogo asogee karibu. Na kabla kengele haijalia, Mama, alimuuliza: aliyekufa anasikia baridi? Kitindamimba alishusha pumzi. "Sijui," alisema. "Wewe unaonaje?"

Bado tunaogopa. Tunaiogopa saa nne, na tunaogopa siku tutakayoisahau sauti yako. Ila sasa tunaambiana. Leo saa nne asubuhi simu ililia, Baba akatuita sote sebuleni kabla hajaipokea. Aliyepiga alikuwa fundi bomba.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anaweka vikombe viwili mezani. Binti yako mkubwa na mumewe. Kaka yetu aliye mbali. Dada zako wawili. Wajukuu wako watano. Kitindamimba wako, na watoto ishirini na wawili wa mkekani.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazojaliwa. Miwani yako ipo. Tutaifuta kila Ijumaa.